Siku nne Isle of Man, kisiwa cha bia hai

Nimezaliwa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, katika nyumba iliyopika mbege ya kuuza, pombe ya ndizi na ulezi. Naanza na hilo ili msomaji ajue mizani yangu imetoka wapi. Mama alipika mara mbili kwa wiki, na sisi watoto tulikuwa na kazi zetu: kumenya ndizi mbivu, kugeuza ulezi ulioota juani, kutwanga magome ya msesewe ambayo ndiyo yanayoipa mbege uchungu wake. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa najua kwa harufu tu, nikiwa bado nje ya uzio, kama mbege ya ndani ni ya leo, ya jana, au imefika siku ambayo mteja wa heshima hawekewi tena.

Sasa ni muuguzi Liverpool, mwaka wa kumi na moja huu. Miaka mitatu ya kwanza bia ya huku sikuipenda hata kidogo. Ilikuwa baridi ya kuuma meno, imejaa gesi, na chupa ya Januari ilikuwa na ladha ileile ya chupa ya Julai. Halafu mwenzangu wa wodini alinipeleka baa moja ya zamani, akaniagizia kitu kilichovutwa kwa mpini mrefu wa mbao. Glasi ikaja haina ubaridi wa kutisha, povu jembamba, harufu ya mkate na maganda ya matunda. Nilipoonja nikanyamaza. Ilikuwa hai. Tangu nitoke nyumbani sikuwa nimeonja pombe iliyo hai.

Waingereza huiita eli halisi. Mimi nimezoea kuiita bia hai, na humu nitaendelea hivyo. Bia ya kawaida huchujwa, hupashwa moto ili chachu ife, kisha husukumwa kutoka kwenye pipa kwa gesi. Bia hai haichujwi wala haipashwi moto. Inaondoka kiwandani na chachu yake, inaendelea kuchacha ndani ya pipa kwenye chumba cha chini cha baa, katika joto la nyuzi 11 hadi 13. Mwenye baa ndiye anayeimalizia. Anatoboa pipa, anapachika kijiti cha mti laini ili hewa iliyozidi itoke polepole, analiacha litulie hadi mashapo yazame. Kwa kawaida mashapo husaidiwa kuzama na dawa inayotokana na vibofu vya samaki. Watu wa Mwanza waliozoea kuona mabondo ya sangara yakianikwa hawatashangaa. Pipa la kawaida lina lita 41, yaani glasi kubwa 72, na likishafunguliwa lina siku tatu hivi za uzuri wake. Baada ya hapo inaanza safari ileile ya mbege kuelekea siki.

Aina hii ya bia ilikaribia kupotea. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa mapumzikoni Ireland waliunda chama cha kuitetea, CAMRA, na hadi leo chama hicho kinakagua baa na kuzipa sifa. Ninakishukuru. Natamani mbege nayo ingepata watetezi wa namna hiyo.

Basi, kisiwa. Isle of Man kipo katikati ya bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland, kilomita 52 kwa urefu na 22 kwa upana, watu elfu themanini na kitu. Si sehemu ya Uingereza ingawa mfalme ni huyohuyo: wana bunge lao, Tynwald, wana sheria zao na noti zao. Nimekwenda mara tatu tangu 2017, mara ya mwisho Septemba iliyopita, na mara zote nimekwenda na rafiki yangu mzaliwa wa Tanga, muuguzi mwenzangu, ambaye hanywi pombe kabisa na hajawahi. Wengi huniuliza anafuata nini huko. Anafuata treni, bahari na samaki, na anasema baa za kisiwa kile ndizo mahali pekee ambapo mtu anaweza kukaa saa nne na glasi moja ya maji ya machungwa bila mhudumu kumkazia macho. Mengi ya maoni humu ni yake pia.

Tunavuka na boti ya kasi iitwayo Manannan, kutoka Liverpool hadi Douglas, saa mbili na dakika arobaini na tano. Jina ni la mungu wa bahari wa hadithi za huko, anayesemekana kukifunika kisiwa kwa joho lake la ukungu akiona maadui wanakuja. Safari ya kwanza tulifika na ukungu mzito kiasi kwamba hatukuuona mji mpaka tulipokuwa tunafunga gati. Chukua dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla. Bahari ile haina huruma, na kunywa bia ukiwa umetapika ni kuitukana bia.

Douglas ni mji mkuu. Umejipinda kufuata ghuba, na mbele yake kuna tramu za kukokotwa na farasi zilizoanza 1876. Ukitaka kuelewa bia ya kisiwa anzia hapa, kwa sababu hapa ndipo daktari mmoja alipoibadilisha.

Aliitwa William Okell, daktari wa upasuaji kutoka Cheshire. Alianzisha kiwanda chake 1850. Wakati ule wapishi wengi wa bia walikuwa wanatia vitu vya ajabu ili kuokoa fedha au kuipa bia nguvu ya uongo. Sheria aliyoipigania ikapitishwa na Tynwald 1874, na humo vitu vilivyokatazwa vimeandikwa kwa majina: afyuni, mbegu zinazotoa sumu ya striknini, pilipili za Guinea, madini ya chuma ya kutengeneza povu, na mbegu fulani za Asia zinazotumika kulevya samaki. Mpishi wa bia hakuruhusiwa hata kuwa navyo ghalani. Ilibaki kimea, sukari na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu. Nilipomsomea rafiki yangu orodha hiyo tukiwa mezani, alishika kichwa. "Za kulevya samaki? Si utupa huo, mwaya! Walikuwa wanawanywesha watu utupa?" Ndiyo, walikuwa wanawanywesha watu kitu cha kazi ya utupa.

Mimi sikushangaa kama yeye. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nilimhudumia baba mmoja aliyeingia wodini anaona ukungu, akatoka kipofu, kwa sababu ya gongo iliyotiwa spiriti ya viwandani. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama kumekucha. Ndiyo maana sheria ya 1874 ninaisoma kama mtu wa tiba kabla ya kuisoma kama mnywaji, na kila nikiona jina la Okells kwenye mpini wa baa ninamkumbuka yule baba. Baadaye sheria ililegezwa kidogo ili bia za ngano na za matunda ziweze kupikwa, lakini fahari yake ipo bado, na wazee wa baani watakusimulia bila kuulizwa.

Sasa baa zenyewe. Okells Bitter ina kilevi cha asilimia 3.7, rangi ya chai isiyo na maziwa, na inaanza tamu kama asali ya porini kabla uchungu haujafika. Glasi yangu bora ya bia hii niliinywa The Woodbourne, baa kubwa ya zama za Malkia Victoria iliyo juu kidogo ya mji, kwenye mitaa ya makazi, yenye vyumba vitatu vya kunywea. Si rahisi kuikuta kwa bahati, inabidi uifuate, na ndiyo maana wateja wake ni majirani. Dari ni refu, mbao zimeng'arishwa na mikono ya miaka mingi. Jioni ile mzee mmoja alinisogezea kiti karibu na dirisha, akauliza natoka wapi, nikamwambia Kilimanjaro, akauliza huko mnakunywa nini. Nikamwelezea mbege kuanzia ndizi hadi kata. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la mtu anayejua: "Na uchungu mnautoa wapi?" Nikamwambia magome ya mti. Akaitikia kwa kichwa, akasema wao wanautoa kwenye maua.

Rovers Return, katikati ya mji, ni baa ya aina nyingine. Kuna kelele, na chumba kizima kimepambwa kwa mambo ya timu ya Blackburn Rovers. Mara yangu ya kwanza mipini yake ilikuwa ni midomo ya shaba ya mipira ya zimamoto, jambo lililonifurahisha mno. Pale nilikunywa Bushy's, ambayo ndiyo nguzo ya pili ya bia ya kisiwa. Ilianzishwa na Martin Brunnschweiler, akaanza kupika ndani ya baa mjini Douglas 1986, akahamia Mount Murray 1990. Ruby Mild yao ina asilimia 3.5 tu, rangi ya zabibu kavu, ladha ya kahawa nyepesi na mkate uliobabuka kidogo pembeni. Kwa mtu aliyelelewa na ulezi, hii ndiyo bia ya kuanzia. Mwenye haraka ya kulewa aipite.

Niseme mambo ya pesa na adabu hapa, maana tuliyajifunza kwa kuhangaika. Baani huhudumiwi mezani. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba mwenyewe. Foleni haionekani lakini ipo: kila mtu anajua nani amefika kabla yake, na ukimruka mtu utasamehewa mara moja tu. Wanazo noti za pauni moja, ambazo Benki Kuu ya Uingereza ilishaacha kuzitoa. Noti zao zina thamani sawa na za Uingereza, ila maduka ya Liverpool hayazitaki, kwa hiyo zitumie zote au zibadilishe kabla hujapanda boti. Kwa wenzangu wenye vibali: mimi naishi Uingereza kwa kibali, na sikuhitaji viza nyingine. Na usiende wiki mbili za mashindano ya pikipiki, TT, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, isipokuwa kama pikipiki ndizo unazozifuata. Vyumba hupanda bei, barabara hufungwa, na bia hunywewa haraka kuliko inavyotulia.

Kwenda Laxey tulipanda tramu ya umeme inayokwenda kaskazini kutoka Douglas tangu 1893. Mabehewa ni ya mbao, madirisha yanagonga, na upande wa kulia bahari iko chini yako karibu muda wote. Watu wengi wanakwenda kuona gurudumu kubwa la maji la 1854, lenye kipenyo cha mita 22, lililokuwa linavuta maji kutoka migodini. Liangalie, linastahili. Kisha shuka kwa miguu hadi Old Laxey, kijiji cha ufukweni. Mteremko ni mkali na magoti ya rafiki yangu yalilalamika njia nzima. Chini kabisa, kando ya mto, kuna Shore Hotel. Safari ya kwanza tulikuta bia ya palepale, Bosun Bitter. Bia iliyopikwa hatua chache kutoka unapoinywea ina kitu ambacho siwezi kukieleza kwa mtu asiyekunywa mbege kwa mpishi. Haijasafiri. Haijachoka. Tulikaa kwenye bustani yao ya kando ya mto mpaka jua likazama nyuma ya kilima, rafiki yangu akawa anahesabu bata kwa sauti, na mimi nikanywa glasi mbili kwa saa tatu.

Sasa niseme la kuudhi. Katika mji mmoja, kwenye baa ambayo sitaitaja, nilipewa glasi niliyoijua kabla haijagusa mdomo. Harufu ya siki. Nilionja ili nisimwonee mtu: siki, na nyuma yake kadibodi iliyolowa. Nikairudisha kaunta kwa upole. Kijana aliyekuwepo akaniambia, kwa sauti ya kunielimisha, kwamba bia ya namna hii ndivyo ilivyo, na kwamba wageni huwa hawaizoei.

Niliumia. Siyo kwa sababu ya fedha. Niliumia kwa sababu nilimwona mama yangu, aliyekuwa akimwaga pipa zima shambani kwenye migomba kuliko kumpa mtu kata moja iliyopita siku yake, na kulikuwa na miaka ambayo pipa hilo ndilo lililokuwa ada yetu ya shule. Bia hai ina haki ya kufa ikifika siku zake. Muuzaji hana haki ya kuiuza imekufa na kumwambia mnunuzi kuwa ulimi wake ndio mbovu. Nilimwambia kijana yule, bila kupandisha sauti, kwamba pipa hili limefunguliwa siku nyingi na wateja ni wachache, na kwamba ajaribu kuonja mwenyewe. Hakuonja. Tukaondoka, glasi ikabaki kaunta.

Hilo ndilo la kujua kuhusu bia hii popote utakapokwenda. Jina kwenye mpini halitoshi. Pipa lilelile, kutoka kiwanda kilekile, litakuwa tunu katika baa moja na aibu katika baa ya mtaa wa pili, kwa sababu mmoja anashuka kwenye chumba chake cha chini kila asubuhi na mwingine hashuki. Tazama kama baa ina wateja. Tazama kama mipini ni mingi kuliko wanywaji. Baa yenye wanywaji kumi na mipini minane, nusu ya mapipa yake yanazeeka. Afadhali mipini miwili inayofanya kazi.

Kusini tulikwenda kwa treni ya mvuke. Njia ya Douglas hadi Port Erin ilifunguliwa 1874, mwaka uleule wa sheria ya bia, na treni bado ni za makaa, bado zinanuka moshi, bado zinapiga kelele zikikaribia vivuko vya barabara. Kilomita 25 hivi, mwendo wa saa moja. Rafiki yangu, ambaye babu yake alifanya kazi reli ya Tanga, alisimama dirishani njia nzima na kushuka na masizi usoni, na hakuyafuta mpaka jioni.

Tulishuka Castletown kwa muda mfupi. Castle Arms, inayojulikana kwa jina la utani Gluepot, iko bandarini ikitazamana na ngome ya Castle Rushen, na imechorwa kwenye noti yao ya pauni tano. Sijui baa nyingine yoyote iliyopata heshima ya kuchorwa kwenye noti. Ni ndogo, bia ilikuwa safi, hatukukaa sana kwa sababu ya treni.

Port Erin ni mwisho wa reli, na Bay Hotel ya Bushy's iko pale chini, mchanga na bahari vikiwa mbele yake. Ghuba ni kama mikono miwili iliyofumbatwa. Nilikunywa Bushy's Bitter nikiwa na viatu mkononi. Hopsi zake zinauma zaidi kuliko za Okells, na upepo wa chumvi unazifaa. Rafiki yangu aliagiza kwini, ambao ni aina ya kombe wadogo watamu wanaovuliwa kwenye maji yale. Kwa kawaida huwapika na nyama ya nguruwe, aliomba bila nguruwe, wakampikia na siagi na kitunguu saumu bila kununa. Alisema wamekaribia kamba kochi wa Tanga. Kwa mtu wa Tanga, hayo ni maneno mazito.

Palepale tulifundishwa jambo lililomfurahisha kuliko yote. Watu wa kisiwa kile hawamtaji panya kwa jina. Wanasema "mkia mrefu". Ni mwiko wa wavuvi wa zamani, na watu wa kisasa wenye simu za kisasa bado wanaushika. Mvuvi mmoja alipotueleza, rafiki yangu alimjibu kwamba kwao usiku nyoka huitwa kamba, na ukimtaja jina lake umemwita. Yule mvuvi hakucheka. Alisema, "Sawasawa kabisa," kama vile amekutana na mtu wa ukoo wake.

Peel nimeiacha mwisho kwa sababu ndiko ninakorudi kila mara. Iko magharibi, mji mdogo wa mawe mekundu, na ngome yake iko kwenye kisiwa kidogo kinachotazama machweo. Hewa ina harufu ya moshi wa samaki, maana hapa bado wanakausha heringi kwa moshi wa vipande vya mti wa mwaloni. Kula The Creek Inn, bandarini: heringi ya moshi, mkate mweusi, siagi, na glasi ya Okells. Ukiwa mtu wa ng'onda au perege wa kukaushwa, ulimi wako utajikuta nyumbani.

Kunywa, nenda The White House. Imepanda kidogo kutoka bandarini, nyumba nyeupe isiyo na makeke, vyumba vidogo vilivyounganishwa kama nyumba iliyoongezwa kila mtoto alipozaliwa. Kuna kijumba cha ndani kama kibanda cha nahodha, watu sita wakikaa wamejaa. Kuna moto halisi. Siku ya Jumamosi tuliyokuwepo walikuja wapiga fidla na filimbi, wakakaa mezani kama wateja wengine, wakapiga nyimbo za kisiwa, na mama mmoja akaimba kwa Kimanx, lugha ambayo msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa nayo, Ned Maddrell, alifariki 1974, na ambayo watoto sasa wanafundishwa tena shuleni. Katika lugha hiyo kinywaji ni jough. Alitufundisha kulitamka, akarudia mpaka tukapata.

Kesho yake, siku ya kuondoka, nilipita tena White House peke yangu wakati wanafungua. Sikutaka kunywa, nilikuwa nimesahau skafu. Mhudumu alikuwa nyuma ya kaunta peke yake, hakuwa ameniona. Alivuta mpini wa kwanza, akamwaga kilichokaa kwenye bomba usiku kucha. Akavuta tena kidogo kwenye glasi, akainyanyua dirishani kutazama mwanga unavyopita, akanusa, akanywa, akasimama kidogo. Akasogea mpini wa pili, akafanya vilevile. Wa tatu alipouonja alikunja uso, akageuza kibandiko cha jina kikatazama ndani, ili mteja asiuagize. Kisha ndipo aliponiona, akanipa skafu yangu.

Usiku ule nikiwa Liverpool nilimpigia mama. Ana miaka sabini na sita, hapiki tena, ila bado anaulizia mapishi ya watu. Nilimweleza shayiri, maua machungu, vibofu vya samaki, chumba cha chini chenye baridi. Aliguna tu. Swali lake lilikuwa moja, lilelile ambalo wateja wetu wa Kibosho walikuwa wakimwuliza kwa macho kila alipowanyoshea kata, naye akainywa kwanza yeye mbele yao.

"Anaonja nani?"

"Muuzaji mwenyewe, mama. Asubuhi, kabla watu hawajaingia."

"Haya," akasema. "Siku nyingine uninunulie."